Noti, Wizi, Stendi

Lilikuja limekunjwa mara nne
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto
ambaye sasa ana watoto,
na mbegu za mlenda zilizofungwa kwenye kitambaa.

Bibi Perusi Chilongani wa Mpunguzi
aliitoa barua kwa ncha za vidole
kama anayechomoa mwiba wa mgunga.
"Mjukuu wangu kamaliza kidato cha nne," akasema,
"akanisomea vizuri mpaka hapa.
Hapa akakohoa.
Akasema, bibi, hili linasema
noti, wizi, stendi."

Nilicheka.
Najuta mpaka leo.

Mimi ndiye mtafsiri wa idara.
Mwaka wa kumi na nane sasa, Dodoma hii,
Kiingereza mkono huu, Kiswahili mkono huu,
napima kama muuza karanga.
Neno lile nalijua. Ni neno la suti.
Halijawahi kununua nyanya soko la Majengo.
Hakuna aliyelitamka akiumwa jino.
Hukaa mlangoni mwa sentensi, limenyooka,
na kila ulichopewa ukurasa wa kwanza
hulipita likitazama mbele.

"Bibi, barua inasema shamba ni lako.
Mizabibu ni yako, mistari kumi na miwili,
na kisima, na banda la kuku.
Halafu ndipo linakuja neno hili."
"Linasema si langu?"
"Hapana. Ni lako.
Ila kuwa lako hakuzuii."
"Hakuzuii nini?"
"Chochote kinachofuata."

Feni ilizungusha vumbi lilelile la asubuhi.

Nikalitafutia Kiswahili.
*Licha ya*: jepesi mno.
Licha ya mvua tulicheza mpira.
*Ijapokuwa*: lina haya kidogo,
huinamisha kichwa kabla ya kupita.
*Bila kujali*:
hapo kalamu ilisimama yenyewe.
Bwana Ndahani, mkuu wangu, alilikata kwa wino mwekundu.
"Linasikika kama hatujali."
Juu yake akaandika *bila kuathiri*,
ambalo ni neno jingine kabisa:
lile hulinda kilichotangulia,
hili hukikanyaga.
Nilimwambia. Akatazama saa.

Nikafungua ukurasa wa tatu.
Fidia: kiasi fulani kwa kila shina,
bei ya zabibu ya miaka sita nyuma.
Mradi: maegesho ya mabasi na malori.
Noti, basi, zilikuwepo.
Stendi ilikuwepo.
Kijana hakukosea sana.
La katikati sikulitafsiri,
mimi ni mtumishi wa umma.

Bibi alikuwa akihesabu kitu kwa vidole,
midomo inacheza.
"Hili neno," akasema, "ni la serikali peke yake?"
"Hapana. Ni la yeyote."
"Linakaa mwanzoni?"
"Mara nyingi mwanzoni."
"Na ukishalisema, kilichokuja kabla yake
hakikuzuii?"
"Ndiyo, bibi."
"Basi chukua karatasi. Andika."

Nikaandika.

*Kwenu wakubwa wa ardhi.
Barua yenu ya tarehe tisa nimeipokea, nimesomewa.
Noti-wizi-stendi barua hiyo,
Jumatatu napogoa mizabibu.*

Niliisoma mara mbili
nikitafuta kosa, maana ndiyo kazi yangu.
Sarufi ilikuwa sawa.
Neno lilikuwa mahali pake hasa,
kuliko nilivyowahi kuliona kwenye jalada lolote.

Nikamwonyesha pa kuweka dole gumba.
Nikagonga muhuri wa kupokelewa,
nikaiingiza kwenye faili, nakala mbili,
tahajia yake nikaiacha ilivyo.

Sijui Jumatatu ile ilikuwaje.
Nilikuwa Kondoa, msibani.

Aliomba kopo lake.
Mlangoni akageuka, kakasirika kidogo:
"Na huyo mtoto nimwambie nini?
Kwamba alipatia?"

Mbegu mbili za mlenda zilibaki mezani.
Nilizifagia kwa kiganja,
nikakosa pa kuzitupa,
nikaziweka mfukoni.